Madarasa mapya, harufu kali: watoto waingie lini?

Wapendwa wa safu ya ujenzi, salaam.

Nina shule ndogo ya chekechea hapa Walukuba, Jinja. Miaka yote tulikuwa tunapanga, sasa tumepata jengo letu wenyewe: madarasa matatu ya mita sita kwa nane, na ofisi. Juu ni mabati, chini yake dari ya jipsamu, madirisha ni ya alumini ya kusukuma. Saruji yote iliyotumika ni mifuko 380. Plasta ya ndani ilimalizika mwanzoni mwa Novemba, sakafu ya saruji katikati ya Desemba, na fundi rangi amemaliza juzi. Sehemu ya juu ya kuta ni rangi ya maji. Chini, mpaka usawa wa mita moja na robo, ni rangi ya mafuta ya njano ili tuweze kufuta alama za vidole vya watoto. Seremala ameleta makabati sita ya MDF (ubao wa unga wa mbao na gundi), yamo madarasani tayari. Kapeti ya plastiki, mapazia na magodoro ya watoto wa beibi (darasa la wadogo kabisa) vimo ofisini vinasubiri.

Muhula unaanza baada ya wiki tatu. Tatizo ni harufu. Ukifungua mlango asubuhi macho yanawasha. Darasa la mwisho lina harufu yake peke yake, kama ya gereji. Nimeambiwa mbao za paa upande ule zilipakwa oili chafu kuzuia mchwa. Fundi anasema nisihangaike: tuwashe majiko mawili ya makaa kila darasa, tufunge madirisha usiku tatu, joto litatoa kila kitu. Jirani anasema nikate vitunguu niviweke pembeni. Mume wangu anasema harufu ikiisha basi, watoto waingie. Mwalimu wangu mmoja ni mjamzito, na kuna watoto wawili wenye pumu. Niambieni nianze na nini, na kama wiki tatu zinatosha.

Mama wa Chekechea, Walukuba

JIBU

Mama, tuanze na majiko, maana hayo yanaweza kuleta msiba kabla hata muhula haujaanza. Usiyawashe. Makaa yanayoungua ndani ya chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, ambayo huinyima damu oksijeni. Askari wako akiingia usiku kutazama moto, au akaona ajilaze humo kwa kuwa kuna joto, huenda asiamke. Na hata tukiweka hatari hiyo kando, kazi yenyewe haifanyiki. Joto hutoa unyevu na mvuke wa rangi ukutani, lakini madirisha yakiwa yamefungwa vitu hivyo havina pa kwenda. Alfajiri bati likipoa vinarudi kwenye dari, kwenye kuta na ndani ya makabati. Atakayekushauri utumie jiko la gesi badala ya makaa, mkatalie pia: kila kilo ya gesi ya kupikia inayoungua hutengeneza zaidi ya lita moja na nusu ya maji, nayo yanabaki humo humo chumbani.

Vitunguu tuvipite haraka. Havinyonyi chochote, vinaweka tu harufu yao juu ya ile iliyopo. Udi, ubani na dawa za kupuliza za manukato ni hivyo hivyo, ila hizo zinaongeza moshi na kemikali zaidi.

Mume wako ana nusu ya hoja. Harufu ikiwepo, jengo haliko tayari, hapo hajakosea. Lakini harufu ikiisha bado hujajua kitu. Pua huzoea kwa dakika chache, ndiyo maana mtu anayeshinda ndani hasikii anachosikia anayeingia kutoka nje. Na ile fomaldehaidi, mvuke unaowasha macho na pua unaotoka kwenye gundi ya MDF, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa kwa nusu saa, kuna watu wasioisikia kabisa hata ikifika kiasi hicho. Mtu wa kukupimia asubuhi, kabla madirisha hayajafunguliwa, ni yule ambaye hajaingia humo siku hizi zote. Macho yake yakiwasha, jibu umelipata.

Sasa tuje kwa jambo ambalo hukulitaja: maji. Mfuko wa saruji wa kilo 50 huchanganywa na maji kama lita 25, na mafundi wengi huongeza ili zege liwe laini. Saruji hufunga ndani yake maji yenye uzito wa karibu robo ya uzito wake, yaani lita 12 hivi. Yanayobaki hayana njia ila kugeuka mvuke na kutoka. Kwa mifuko 380 hayo ni karibu lita 5,000, tangi kubwa zima la plastiki, na hapo hatujahesabu maji ya kumwagilia plasta na zege lililomwagwa. Sehemu kubwa imeshatoka, lakini iliyobaki inatoka kupitia humo humo watoto watakamolala mchana, na ukuta ukibaki na unyevu ndipo ukungu unapoota.

Plasta ya Novemba haituhangaishi. Sakafu ndiyo ya kuangaliwa. Mafundi wa sakafu huhesabu siku moja kwa kila milimita ya unene, hadi milimita 40 au 50, hewa ikiwa kavu na inapita. Sakafu ya milimita 40 iliyomwagwa katikati ya Desemba inamaliza siku zake mwisho wa Januari, tena kwa bahati njema, kwani zege la chini yake hukauka taratibu zaidi, kama mwezi mmoja kwa kila inchi. Kwa macho huwezi kujua: saruji huwa nyeupe juu, mbichi ndani. Kata nailoni angavu ya sentimita 45 kwa 45, ibandike sakafuni kwa utepe pande zote nne bila kuacha pengo, mahali jua halipigi, uiache muda wa saa 16 au zaidi. Weka moja katikati ya kila darasa na nyingine karibu na ukuta wa nje. Ukikuta matone chini ya nailoni, au saruji ya hapo imekuwa nyeusi kuliko ya pembeni, kapeti ya plastiki isiguse sakafu hiyo. Maji ya saruji ni makali kama magadi. Yakifungiwa chini ya kapeti hula gundi, gundi hutoa harufu mpya, na ukungu huota mahali usipoona. Watoto waanze muhula kwenye saruji tupu na mikeka inayoinuliwa kila jioni, hapana hasara yoyote.

Kuhusu rangi. Ile ya maji haina maneno mengi. Ikipata hewa, sehemu kubwa ya harufu yake huondoka kwa siku chache. Ya mafuta ina hatua mbili, na hapa ndipo watu hudanganyika. Kwanza thina huvukiza, na ukigusa ukuta unaona umekauka. Kisha mafuta yenyewe huanza kushikana na oksijeni ya hewa ili yawe magumu, na katika kushikana huko hutoa mvuke mwingine unaowasha macho, kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo ukuta uliokauka kwa mkono haujakauka kwa pua. Ikiwa fundi alipiga mkono wa pili kabla wa kwanza haujakauka vizuri, thina imefungiwa katikati na itachelewa zaidi. Muulize mambo mawili: alisubiri muda gani kati ya mikono hiyo, na aliyeyusha rangi kwa kitu gani. Akisema petroli, darasa hilo lihesabie muda mrefu kuliko mengine, kwa sababu petroli ina benzini, nayo husababisha saratani.

Tafuta pia makopo ya rangi kabla hayajauzwa kwa wanunua vyuma. Angalia kama yana alama ya Q ya UNBS, shirika la viwango la Uganda, na maandishi kwamba rangi haina madini ya risasi. Tunakuuliza hivyo kwa sababu ni rangi ya mafuta, tena ya njano, na aina hiyo ndiyo mara nyingi imekutwa na risasi nyingi katika nchi mbalimbali. Risasi haiendi hewani kama mvuke. Hatari yake iko kwenye vumbi na vibanzi. Kama huna uhakika na rangi hiyo, usiruhusu mtu aipige msasa mkavu.

Makabati yatoke leo. Sio kesho. MDF ni unga wa mbao ulioshikwa na gundi ya fomaldehaidi, na gundi hiyo huachia mvuke zaidi kadiri joto na unyevu vinavyopanda, vitu viwili ambavyo chumba kipya chenye bati juu kinavyo kwa wingi. Yapange barazani kwenye kivuli, milango na droo zikiwa wazi, juu ya matofali ili yasinyonye maji ya chini. Kisha yageuze uangalie mgongo, chini na kingo zilizokatwa. Maseremala hupaka mbele penye kuonekana na kuacha huko wazi, na ukingo mbichi ndio unaotoa mvuke zaidi. Mrudishe seremala azibe sehemu zote hizo kwa mikono miwili ya rangi ya maji au vanishi ya maji, huko huko nje. Kuziba hakumalizi fomaldehaidi; kunaipunguza kasi, nayo huendelea kutoka kidogo kidogo kwa miezi mingi. Ukiagiza mengine, omba mbao halisi au chuma, au angalau ubao wenye alama ya E1, ambao kiwango chake cha mvuke kimepimwa kiwandani.

Vile vitu vilivyomo ofisini navyo viondoke, kwani ofisi nayo imepakwa rangi juzi. Magodoro, mapazia na vitambaa hunyonya mvuke wa rangi, na baadaye huuachia taratibu puani mwa mtoto aliyelalia. Vipeleke nyumbani kwako. Vitaingia vya mwisho kabisa.

Sasa kupitisha hewa, ambako ndiko kwenye kazi yote iliyobaki. Mfumo wa Marekani wa kupima majengo uitwao LEED unataka jengo jipya lipitishiwe takriban mita za ujazo 4,267 za hewa ya nje kwa kila mita ya mraba ya sakafu kabla watu hawajaingia, unyevu wa hewa usizidi asilimia 60. Shule yako haidaiwi cheti hicho, lakini hesabu yake inasaidia kuona ukubwa wa kazi. Darasa lako lina mita za mraba 48, kwa hiyo linahitaji hewa kama mita za ujazo 205,000. Dari ikiwa mita tatu juu, chumba hubeba mita za ujazo 144. Maana yake hewa ya humo ibadilike yote mara 1,400 na zaidi. Madirisha ya pande mbili yakiwa wazi na upepo ukivuma vizuri, hewa inaweza kubadilika mara 20 kwa saa, na kazi ikaisha kwa saa 71. Upepo ukiwa mdogo, mara 10 kwa saa, itachukua saa 142.

Fungua kuanzia saa nne asubuhi, umande ukishakauka, mpaka saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa saba kwa siku: siku 10 kwa upepo mzuri, 20 kwa upepo mdogo. Kwa nini si usiku? Kwa sababu usiku na alfajiri hewa ya kando ya ziwa imejaa unyevu, na ukuta ambao umeukausha mchana utaunywa tena. Nunua haigromita, kile kipimo kidogo cha unyevu wa hewa, ukining'inize darasani. Chumba kikionyesha unyevu mkubwa kuliko nje, fungua. Nje pakizidi ndani, au mvua ikinyesha, funga. Wewe unajenga Januari, wakati wa kiangazi, na hilo ni bahati. Aliyemaliza mwezi wa Aprili hana siku kama hizi.

Mchana upepo wa Jinja hutoka ziwani kwenda nchi kavu. Fungua upande wa ziwa na ule unaoukabili, maana dirisha la upande mmoja peke yake halifanyi chochote cha maana. Weka feni ya kusimama kwenye dirisha au mlango wa upande wa pili, usio wa ziwa, ambako upepo hutoka chumbani, uso wa feni ukitazama NJE, na zibe nafasi iliyobaki kwa kadibodi. Feni inayotazama ndani huzungusha tu hewa chafu humo humo. Inayotoa nje huvuta hewa safi kupitia chumba kizima.

Halafu panda ngazi uangalie matundu ya hewa juu ya madirisha. Mafundi huyaziba kwa karatasi au mabaki ya plasta wakati wa kazi na kuyasahau, na wapaka rangi wa dari hupitisha brashi juu ya waya wa mbu mpaka vitundu vikajaa rangi. Waya uliojaa rangi ni ukuta, ubadilishe. Usiutoe moja kwa moja kwa ajili ya hewa, maana wale wadudu wa ziwani waitwao sami wakija na mbu nyuma yao, walimu watafunga madirisha wenyewe na utakuwa hujafanya lolote. Hesabu pia nafasi inayofunguka. Dirisha la kusukuma la mita 1.2 kwa 1.2 hufunguka nusu tu, mita za mraba 0.72. Kiwango cha chini kinachotumika sana ni asilimia 4 ya eneo la sakafu, karibu mita mbili za mraba kwa darasa lako, ila kwa watoto wadogo na joto la huku tungependa uvuke mara mbili ya hapo. Darasa lenye madirisha manne ya namna hiyo lina 2.9. Linapita kiwango cha chini, lakini halifiki tunapopenda. Usikubali kabati lisimame mbele ya hata moja.

Darasa la mwisho ni kesi nyingine. Oili chafu ya injini ni nzito, haivukizi ikaisha, na imebeba masizi na metali za injini. Jua likipiga bati, harufu hushuka kupitia viungo vya dari. Huwezi kuipuliza nje kwa wiki tatu, wala kwa miezi mitatu. Unachoweza ni kuitenga: toboa matundu ya hewa kwenye kuta mbili za pembetatu za paa, yakabiliane, yawekewe waya wa kuzuia popo, ili joto litoke huko juu, kisha ziba kila kiungo cha dari, tundu la taa na ukingo wa ukutani kwa utepe na jipsamu. Mbao zilizo karibu ambazo zinaweza kubadilishwa, zibadilishwe. Harufu isipokwisha hapo, chumba kiwe stoo.

Kwa hiyo, wiki tatu zinatosha kwa madarasa mawili, kwa sakafu tupu na bila makabati. Kwa la tatu hazitoshi. Kama bado mnashika chumba kule mlikokuwa mmepanga, zungumza na mwenye nyumba muendelee mwezi mmoja kwa watoto wa beibi. Hao wasiwe wa kwanza kuingia jengo jipya: wanapumua haraka kuliko wakubwa kwa uzito wao, na wanalala karibu na sakafu.

Siku nne za mwisho ni za usafi. Anzia juu: dari, feni, fremu za madirisha, reli za alumini ambamo vumbi la saruji hujikusanya, kisha kuta, kisha sakafu. Yote kwa kitambaa chenye maji. Ufagio mkavu unapeleka vumbi hewani tu, na la saruji huwasha macho na mapafu. Rudia baada ya siku moja, kwa kuwa lililoruka litakuwa limetua. Mwalimu mjamzito asishiriki kazi hii wala ya kupaka makabati, na asikae ofisini humo kabla ofisi nayo haijapata saa zake za hewa. Ukitumia jiki, usiichanganye na dawa ya choo yenye asidi. Mchanganyiko huo hutoa klorini.

Watoto wakishaingia, madirisha ya pande mbili yafunguliwe nusu saa kabla ya somo la kwanza kila siku, muhula mzima. Ukiweza kununua kipima hewa ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, nje kitakuonyesha karibu 420 (sehemu kwa kila milioni ya hewa). Darasani, watoto wakiwemo, kisizidi 1,000. Vile visanduku vya bei nafuu vinavyodai kupima fomaldehaidi usivitumie kuamua: hushtuka kwa manukato na spiriti. Wenye pumu wakae upande hewa inakoingia, dawa zao za kuvuta ziwe kwa mwalimu, si nyumbani. Mtoto anayeumwa kichwa au kukohoa darasani na kupona akitoka uwanjani, andika jina, siku na darasa. Wakifika wawili wa darasa moja, darasa hilo litoke nje siku hiyo hiyo. Makabati nayo yakirudi, yaachie nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kutoka ukuta wa nje, hewa ipite nyuma yake. Jenereta, kama ipo, ikae mita 6 au zaidi kutoka dirisha lolote.

Jambo la mwisho ni la ofisi ya jiji. Sheria ya Uganda ya Udhibiti wa Majengo ya 2013 inataka upate kibali cha kukalia jengo kutoka kwa kamati ya majengo kabla ya kulitumia, kwa hiyo peleka ombi wiki hii wakati madirisha yanafanya kazi yao. Ila mkaguzi ataangalia ramani, nguzo na vyoo. Hewa ni ya kwako kuipima.